Mikutano ya Bayoteknolojia na Chanjo Zilizojaribiwa Bagamoyo

Mwezi Juni 2025, watu wapatao 20,000 walikutana Boston, Marekani, katika mkutano wa kimataifa wa BIO, ambao ndio mkusanyiko mkubwa wa kila mwaka wa sekta ya bayoteknolojia, yaani matumizi ya viumbe hai kutengeneza dawa, chanjo na bidhaa nyingine. Mwaka uliotangulia walikuwa San Diego. Asiyeifahamu sekta hii anaweza kudhani kwamba siku zote za mkutano hutumika kuwasikiliza wanasayansi wakieleza uvumbuzi wao. Hotuba zipo, lakini shughuli kubwa hufanyika katika vibanda vidogo vyenye meza, ambamo kampuni changa yenye wazo huketi kwa muda mfupi na kampuni kubwa yenye fedha na viwanda, zikipimana kama zinaweza kushirikiana. Mazungumzo yanayoanzia hapo huchangia kuamua, miaka kadhaa baadaye, dawa ipi itatengenezwa, itauzwa kwa bei gani na itawafikia nani kwanza. Sisi tunaofanya utafiti wa afya Bagamoyo hatuwezi kuyaona kuwa mambo ya watu wa mbali, kwa sababu sehemu ya safari ya dawa na chanjo hizo hupita vijijini kwetu.

Chanjo za malaria ni ushahidi wa hilo. Chanjo ya RTS,S ilijaribiwa kati ya mwaka 2009 na 2014 kwa watoto 15,459 katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, na vituo viwili vilikuwa Tanzania: Bagamoyo na Korogwe, mkoani Tanga. Baadaye ikaja R21, iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Oxford na kutengenezwa na Serum Institute of India, ambayo jaribio lake kubwa lilihusisha watoto wapatao 4,800 wa Burkina Faso, Kenya, Mali na Tanzania. Kwa Tanzania, kituo kilikuwa Bagamoyo. Katika maeneo ambayo malaria huwapo mwaka mzima, kama yetu, R21 ilipunguza ugonjwa kwa asilimia 68 katika mwaka wa kwanza baada ya dozi tatu za mwanzo. Hiyo ni kinga kubwa, lakini si kamili, na ndiyo maana mtoto aliyechanjwa bado anapaswa kulala ndani ya chandarua.

Bibi mmoja aliyemleta mjukuu wake kliniki, baada ya kusikia maelezo yetu kwamba chanjo hizi hutengenezwa kwa msaada wa hamira, aliniuliza: "Mwanangu, hamira hiyo si ile ya maandazi?" Swali lake lilikuwa la msingi kuliko alivyodhani. Kimelea cha malaria, kinapoingizwa mwilini na mbu, kimevaa protini fulani kama koti. Wanasayansi walichukua maelekezo ya kinasaba ya sehemu ya koti hilo, wakayaunganisha na ya protini ya kirusi cha homa ya ini aina ya B, kisha wakayapandikiza ndani ya hamira, ambayo huzalisha protini hiyo kwa wingi ndani ya matangi ya kiwandani. Kwa RTS,S ni kweli hamira hiyo ni ya jamii ileile inayoumua unga. R21 hutumia jamii nyingine. Hamira yenyewe huondolewa, ikabaki protini iliyosafishwa, ambayo huchanganywa na kiongeza kinga. Mwili ukiizoea protini hiyo huunda kingamwili zinazokizuia kimelea kabla hakijajificha kwenye ini. Nilimwambia bibi kwamba hakuna kimelea hai ndani ya chanjo hiyo, kwa hiyo haiwezi kumpa mjukuu wake malaria. Akakubali, akauliza kuhusu homa ya usiku baada ya sindano, ambayo ni kweli huweza kutokea na inapaswa kuelezwa bila kufichwa.

Jambo jingine linaloamua hatima ya chanjo ni namna ya kuitunza. Bagamoyo tumeshiriki pia majaribio ya chanjo ya PfSPZ, inayotumia vimelea vizima vilivyodhoofishwa kwa mionzi. Vichupa vyake hukaa ndani ya mvuke wa naitrojeni, kwenye baridi ya chini ya nyuzi 150 chini ya sifuri. Mfuniko ukifunguliwa, ukungu mweupe humwagika ukingoni, na mhudumu huvaa glavu nene kabla ya kugusa chochote. R21 inahitaji nyuzi 2 hadi 8 tu, yaani jokofu la chanjo ambalo zahanati nyingi tayari zinalo.

Kisha ipo bei, suala ambalo kwa maoni yangu halipewi uzito unaostahili. R21 huuzwa kati ya dola 2 na 4 kwa dozi. Kwa upande mwingine, Casgevy, tiba ya kwanza ya kuhariri jeni kwa teknolojia ya CRISPR, iliidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa mwaka 2023 kwa ajili ya selimundu, na bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, zaidi ya shilingi bilioni 5. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na selimundu duniani. Inauma kuona tiba iliyolenga ugonjwa wetu ikiwa haifikiki kwetu. Akili mnemba inayotabiri maumbo ya protini, ambayo sasa huzungumzwa karibu kila ukumbi wa mikutano hiyo, itaharakisha uvumbuzi, lakini haitapunguza bei hizo yenyewe.

Viwanda navyo viko mbali. Umoja wa Afrika umeweka lengo la bara hili kutengeneza asilimia 60 ya chanjo zake ifikapo mwaka 2040, na mwezi Juni 2024 Gavi, shirika la kimataifa linalosaidia nchi maskini kupata chanjo, ilizindua mpango wa hadi dola bilioni 1.2 wa kuwaunga mkono watengenezaji wa Afrika. Naamini masharti ya bei na upatikanaji yanapaswa kuandikwa katika mikataba kabla mtoto wa kwanza wa Bagamoyo hajachomwa sindano ya majaribio.

Mzazi anayealikwa kumshirikisha mtoto wake katika utafiti anayo haki ya kusomewa fomu ya ridhaa kwa Kiswahili, kubaki na nakala yake, na kumtoa mtoto wakati wowote bila kupoteza matibabu yake ya kawaida. Aulize pia: chanjo hii ikifaulu, itapatikana zahanati yetu, na kwa malipo gani?