Afya ya udongo siyo rutuba

Juma lililopita nilikaa saa nzima kwenye ukumbi mmoja hapa mjini nikimsikiliza mtaalamu akieleza jinsi alivyopima "afya ya udongo" katika mashamba ya viazi ya Njombe. Alipofungua majibu, yalikuwa mistari minne: naitrojeni, fosforasi, potasiamu na uchachu. Watu wakaandika, nami nikaandika. Lakini ile ilikuwa karatasi ya rutuba. Ni karatasi nzuri na kila mkulima anaihitaji, ila jina lililowekwa juu yake si lake. Nimelisikia kosa hili mara nyingi mno mwaka huu, kwenye mikutano, kwenye vipeperushi vya wauza pembejeo na hata redioni.

Maana yenyewe haina mzunguko. Afya ya udongo ni uwezo wa udongo kuendelea kufanya kazi zake kama kitu hai: kupokea maji na kuyashika, kuozesha masalia, kulisha mimea, kuzuia magonjwa yasitawale, na kujirudi baada ya kuumizwa. Rutuba ni chakula kilichomo udongoni ambacho mmea unaweza kukitumia. Rutuba imo ndani ya afya, kama vile kula vizuri kulivyo sehemu ya uzima wa mtu.

Kinachonikera ni kwamba Kiswahili kilishatutenganishia maneno haya zamani, nasi tunayachanganya upya. Rutuba imetoka kwenye Kiarabu, na huko maana yake ni unyevu. Ndugu yake wa damu ni rutab, ile tende laini yenye majimaji ambayo watu huitafuta mwezi wa Ramadhani. Njia iliyopita si ngumu kuiona: palipo na unyevu ndipo panapoota, na panapoota vizuri tukapaita pana rutuba. Kwa hiyo tangu asili hiki ni kitu kilichomo ndani ya kitu kingine, kinachoweza kuzidi au kupungua, na mtu akakiongeza kama anavyojaza maji mtungini. Ndiyo maana tuna kitenzi kurutubisha, na kinafanya kazi yake bila taabu.

Afya nayo ni ya Kiarabu, lakini ukoo wake ni mwingine. Jamaa zake ni afu, yaani kusamehe au kuokoa, na afueni, ile tunayomwombea mgonjwa. Mzizi wao una maana ya kufuta, kuondoa dhara. Mwenye afya ni mtu aliyeepushwa na madhara, na yakimpata, anainuka. Mgonjwa aliyelazwa Muhimbili anaweza kuletewa supu asubuhi, mchana na jioni, na bado ndugu wakaulizana: amepata afueni? Wanajua kwamba supu ni jambo moja na afueni ni jingine. Kuhusu udongo ndipo tunaposahau, tunaona shamba limechoka, tunasema "afya imeshuka", kisha dawa tunayoandika ni mfuko mmoja zaidi wa NPK, mbolea ya dukani yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu.

Kiazi mviringo ndicho kinachoonyesha tofauti hii waziwazi kuliko mazao mengi. Sisi wa Dar es Salaam tunakijua kwenye sahani ya chipsi, kwa sababu joto letu hakiliwezi. Kinataka usiku wa baridi ndipo kijazie chini. Kule nyanda za juu, Njombe, Makete na Mbeya, mkulima wake analima, anapandishia udongo kwenye mashina, kisha anafukua ili avune. Udongo unageuzwa mara tatu ndani ya msimu mmoja. Mahindi huacha mabua shambani. Viazi huacha majani machache yanayooza upesi. Mboji, yaani masalia yaliyooza udongoni, inapungua mwaka hadi mwaka, na mfuko wa mbolea ya dukani haurudishi mboji.

Kuna mama mmoja wa sokoni Mabibo ninayenunua kwake viazi kwa sado. Siku moja nilipokuwa najichagulia, alinishika mkono: "Hivyo vinavyonata udongo kwenye macho usivichukue, mwanangu, vitakuozea." Akakata kimoja kwa kisu. Ndani palikuwa na pete ya kahawia, na alipokibinya, ute mweupe mzito ukatoka kwenye ile pete. Ute huohuo ndio ulipenya kwenye macho ya kiazi na kuugandisha udongo juu yake. Ni mnyauko bakteria, ugonjwa unaokaa kwenye udongo na kwenye mbegu, unaonyausha mmea ungali kijani. Shamba lililotoa kiazi kile huenda karatasi yake ya rutuba ingesoma vizuri kabisa, kwa sababu bakteria hawa hawaonekani kwenye mstari wa naitrojeni wala wa fosforasi. Wala mbolea haiwaui. Vinavyopunguza nguvu zao ni mbegu safi, kung'oa miche inayonyauka na kuitoa shambani, na kupumzisha udongo kwa mahindi au ngano badala ya kurudia viazi, nyanya au bilinganya, ambazo zote ni ukoo mmoja.

Ukiwa shambani, unaweza kuiona afya kwa glasi mbili za maji safi. Ya kwanza, kata kipande cha shina la mmea ulionyauka, ukitumbukize ncha tu na kukishikilia wima. Kama ni mnyauko bakteria, baada ya dakika chache nyuzi nyeupe kama maziwa zitaanza kushuka majini. Ya pili, chukua bonge la udongo mkavu ulitie taratibu. Udongo wenye mboji na uhai hushikamana na maji yakabaki maangavu kwa muda. Uliochoka humomonyoka papo hapo, na maji yakawa tope. Bonge la namna hiyo hufanya vivyo hivyo mvua ya kwanza inapolipiga shambani.

Hata ule mstari wa uchachu una mtego wake. Ukimwaga chokaa ya kilimo mpaka uchachu upungue kiasi cha kuyafurahisha mahindi, unaweza kuwa umewaandalia makao vijidudu vya magamba, ule ugonjwa unaotia ngozi ya kiazi vidonda vikavu vya kukwaruza. Viazi huvumilia udongo wenye uchachu kuliko mazao mengi, na magamba huzidi uchachu unapopungua. Namba ileile, kwa zao moja ni nafuu na kwa jingine ni maradhi.

Kwa hiyo ninapoona tangazo la kazi linalotaka mtu wa kuongoza utafiti wa afya ya udongo kwenye viazi, halafu sifa zote zinazotajwa ni za maabara ya mbolea, nasikitika. Kuongoza utafiti huo ni kuwakalisha pamoja mtu wa bakteria, mtu wa minyoo ya mizizi, mtu wa maji, mtu wa mbegu na mkulima mwenyewe. Hapa kwetu, katika Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), kituo cha TARI Mlingano, kule Tanga, ndicho chenye jina kwa udongo, na TARI Uyole, Mbeya, kwa viazi. Kiongozi anayestahili cheo hicho atakuwa na mguu sehemu zote mbili. Na lazima awe na subira. Huko Rothamsted, Uingereza, shamba la majaribio la ngano lililoanzishwa mwaka 1843 linaendelea mpaka leo, na mengi yanayojulikana kuhusu mboji kupungua na kurudi yametokana na kungoja kwa namna hiyo. Mradi wa miaka mitatu unatosha kupima rutuba. Afya ndiyo kwanza inaanza kujionyesha.

Basi ndugu zangu wataalamu, mkiwa na karatasi ya mistari minne, semeni mmepima rutuba. Hakuna atakayewadharau, ni kazi ya maana. Neno afya lingojeni mpaka mmeuliza pia maji yanaingiaje, mboji imebaki kiasi gani, ni nani wanaoishi humo, na msimu uliopita kilipandwa nini.