Usisubiri mashine ndipo uulize kuhusu kupandikizwa figo

Wagonjwa wengi husikia habari ya kupandikizwa figo wakiwa tayari wameunganishwa na mashine ya kusafisha damu. Hapo tumeshachelewa. Kwa mwenye kisukari au shinikizo la damu, figo huchakaa taratibu kwa miaka, na miaka hiyo ndiyo ya kuzungumza. Anayefaa anaweza kupandikizwa kabla hata ya kuanza kwenda kwenye mashine mara tatu kwa wiki, kwa muda wa saa nne kila mara. Ukiambiwa figo zinashindwa, muulize daktari siku hiyohiyo: je, mimi nafaa kupandikizwa?

Huduma ipo nchini Tanzania. Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza mwaka 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata 2018. Figo hutoka kwa mtu aliye hai, kwa kawaida ndugu, na hapo ndipo wengi hukwama.

Naomba mgonjwa asiachiwe peke yake kazi ya kuomba. Kumwambia mdogo wako "nipe figo yako" kunaumiza, na wengi hunyamaza. Njooni kliniki kama familia, daktari aeleze. Ndugu huja na maswali wanayoona haya kuyauliza: nguvu za kiume zitapotea? Dada atazaa tena? Mtu mwenye afya huishi vizuri na figo moja. Inayobaki hukua kidogo na kubeba kazi ya mwenzake. Nguvu za kiume haziondoki na figo. Wanawake waliochangia huzaa, ila ujauzito wao hufuatiliwa kwa karibu zaidi. Anayesita ana haki ya kukataa, hata asubuhi ya upasuaji, wala asilaumiwe.

Jambo lisilosemwa sana ni kuongezewa damu. Kila unapoongezewa, mwili unaweza kutengeneza kinga dhidi ya tishu za watu wengine, kisha figo ya kaka yako mwenyewe ikakataliwa. Damu ya kuokoa maisha usiikatae kamwe. Lakini upungufu wa damu ukiwahiwa, mara nyingi sindano maalumu za kuusaidia mwili kutengeneza damu, pamoja na madini ya chuma, hutosha, kwa hiyo mkumbushe daktari kwamba unatarajia kupandikizwa.

Baada ya upasuaji, dawa za kuzuia mwili kuikataa figo humezwa kila siku, muda wote figo hiyo inapofanya kazi. Ulizeni mapema kama bima inazilipia. Mgonjwa anayeziacha kwa kukosa fedha huipoteza figo ambayo ndugu yake aliitoa.