Te Awa Tupua: mto wenye hadhi ya mtu kisheria

Te Awa Tupua ni jina ambalo sheria ya Nyuzilandi ya mwaka 2017 imeupa Mto Whanganui, wenye urefu wa kilomita 290 hivi, pamoja na vyote vilivyo vyake kutoka milimani hadi baharini: vijito, kitanda (yaani ardhi iliyo chini ya maji), hata yasiyoonekana kwa macho. Vyote vinahesabiwa kiumbe kimoja kilicho hai, chenye haki, mamlaka, wajibu na dhima za mtu wa kisheria.

Kuwa mtu mbele ya sheria si jambo geni. Kampuni nayo hushtaki na kushtakiwa. Kilichowasukuma Wamaori wa Whanganui, wenyeji wa asili wa huko, ni undugu. Kwao mto ni mzee wa ukoo, na kauli yao "Ko au te Awa, ko te Awa ko au", yaani mimi ndimi mto, mto ndio mimi, imo ndani ya sheria yenyewe, ikiwa mojawapo ya misingi minne inayoitwa Tupua te Kawa.

Msingi mwingine unasema vijito vidogo na vikubwa huungana kuwa mto mmoja. Huo ndio uliovunjwa kwa zaidi ya karne. Nyando, yaani nyua za kunasia samaki aina ya mikunga, zilibomolewa ili meli za mvuke zipite, changarawe ikachimbwa, na sheria ya 1903 ikavifanya vitanda vya mito inayopitika kwa vyombo kuwa mali ya serikali. Tangu miaka ya 1970 sehemu ya maji ya vyanzo inachepushwa kwenda mitambo ya umeme ya Tongariro, kisha huishia Ziwa Taupō na Mto Waikato. Kesi ya Wamaori ya kudai kitanda ilianza mahakamani mwaka 1938.

Msemaji wa mto ni Te Pou Tupua, wadhifa mmoja unaoshikwa na watu wawili: mmoja hupendekezwa na makabila yenye maslahi mtoni, mwingine na serikali. Wakishateuliwa hawamwakilishi aliyewapendekeza. Wote wawili wanautumikia mto. Upo pia mfuko wa dola milioni 30 za huko kwa ajili ya afya ya mto.

Wengi hudhani mto sasa unamiliki maji yake na kwamba unaweza kumfukuza yeyote. Sivyo. Kilichohamishiwa kwa mto ni sehemu za kitanda zilizokuwa za serikali. Umiliki wa maji haukuguswa, ardhi za watu binafsi zilibaki zao, na vibali vilivyokuwepo viliendelea, vya mitambo ya umeme vikiwemo. Kwa hiyo anayetaka kujenga gati juu ya kitanda hicho huenda akahitaji idhini ya Te Pou Tupua, lakini mwenye kutaka kuvuta maji bado huomba kibali baraza la mkoa. Tofauti ni kwamba baraza, likiamua, halina ruhusa tena ya kuipuuza hadhi ya mto wala misingi yake minne.