Dawa za kutuliza uvimbe: sindano nayo inafika tumboni

Ukiingia duka la dawa Masasi au Nachingwea ukaomba "dawa ya maumivu", unaweza kupewa parasetamoli au diklofenaki. Hizi si ndugu. Parasetamoli hushusha homa na kutuliza maumivu, lakini uvimbe haiuwezi. Dawa za kutuliza uvimbe ni diklofenaki, ibuprofeni, aspirini na wenzao. Huitwa "zisizo za steroidi" ili zisichanganywe na dawa za steroidi kama prednisoloni, ambazo nazo hutuliza uvimbe.

Mwili ukiumia hutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini, zinazochochea uvimbe na maumivu. Mwaka 1971 John Vane wa Uingereza alionyesha kuwa aspirini huzuia zisitengenezwe, na mwaka 1982 akawa mmoja wa waliopata Tuzo ya Nobel. Tatizo ni kwamba prostaglandini hulinda pia ukuta wa tumbo usiunguzwe na asidi, tena husaidia damu ifike kwenye figo mwili unapopungukiwa maji. Dawa ikizizuia, inazuia na ulinzi huo.

Ndiyo maana huniuma nikisikia mtu akisema, "Mimi nina vidonda vya tumbo, nichomeni sindano tu." Sindano haikwepi tumbo. Dawa ikishaingia kwenye damu inafika kotekote, na kidonda kinaweza kuvuja damu vilevile.

Mchukue mkwezi aliyeanguka mnazini huko Mikindani. Akiwa ameteguka mguu tu, na hana maradhi mengine, diklofenaki itamfaa sana. Akiwa amevuja damu nyingi, anatoka jasho la baridi na mapigo ya moyo yanakimbia, figo zake zinazitegemea prostaglandini hizo. Huyo atundikiwe dripu, na maumivu yatulizwe kwa parasetamoli au morfini. Aliyeharisha hadi macho yakaingia ndani, naye hivyohivyo.

Kabla ya kuchomwa, sema kama una mimba (hasa kuanzia wiki ya 20), pumu, ugonjwa wa figo au wa moyo, au unameza dawa za presha.

Kuhusu kipimo, mtu mzima kwa kawaida hapaswi kuzidisha miligramu 150 za diklofenaki kwa siku, sindano na vidonge vikihesabiwa pamoja. Sindano ya 75 asubuhi, kisha vidonge vitatu vya 50 nyumbani, tayari ni 225. Kwa hiyo usiondoke zahanati kabla jina la dawa, kipimo na saa uliyochomwa havijaandikwa kwenye daftari lako.