NMN na mzigo wa ughaibuni

Mzigo ukitoka Jeddah au London kuja Lamu siku hizi, hukosi chupa ya NMN, kirutubisho cha vidonge, kati ya manukato na mashuka. Wazee hunipitishia famasi: "Mwanangu, nisomee hii. Wanangu wasema yarudisha ujana."

Ujana hairudishi, lakini jambo lenyewe si uzushi. Seli zetu hutumia kemikali iitwayo NAD kugeuza chakula kuwa nguvu na kukarabati DNA, na katika baadhi ya tishu hupungua umri ukisonga. NMN ni malighafi yake. Panya wazee waliopewa walichangamka, na wafanyabiashara wakapata la kusema.

Kwa binadamu mambo yamekwenda polepole. Utafiti wa Marekani uliotoka mwaka 2021 uliwahusu wanawake 25 waliokoma hedhi, wenye uzito mkubwa na sukari iliyoanza kupanda. Waliokunywa miligramu 250 kwa siku kwa wiki 10, misuli yao iliitikia insulini vizuri zaidi. Basi. Uzito haukushuka, sukari haikushuka, presha ilibaki palepale. Kuhusu kuongeza umri, hakuna utafiti uliofuatilia watu muda wa kutosha. Resveratroli, kemikali ya kwenye zabibu nyekundu, nayo ilianza kwa kishindo hivyohivyo: mwaka 2008 kampuni ya GlaxoSmithKline ilitoa dola milioni 720 kununua Sirtris, kampuni iliyokuwa ikitafuta dawa kutokana nayo, na mwaka 2013 ofisi zake zikafungwa.

Mimi huanza kwa kuuliza mzee anakunywa dawa gani. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, simruhusu kujinunulia hata koenzaimu Q10, kirutubisho kingine cha madukani, kwani yaweza kuipunguza nguvu dawa yake.

Kuna bibi aliyekuja na chupa mbili, ndara mkononi kwa sababu, alisema, haisikii ikimvuka mguuni. Ganzi hiyo aliiita uzee. Amekunywa metformini, dawa ya kisukari, miaka mingi, na metformini yaweza kupunguza ufyonzaji wa vitamini B12 mwilini. B12 ikipungua huleta ganzi, uchovu na kusahau, mambo yaleyale ambayo chupa zinaahidi kuondoa. Nilimpeleka maabara kwanza.

Nyinyi mlioko nje, mzazi akiwa kwenye metformini na analalamikia nyayo, mtumieni pesa ya kipimo cha B12. Sukari yenyewe pia huleta ganzi, kwa hiyo hapa hatubahatishi. Upungufu una tiba ya sindano au vidonge, ila ukiachwa muda mrefu mishipa ya fahamu huenda isipone yote.