Kuandika 300 hakuikuzi picha

Hapa Moshi, anayetaka kukuza picha ya harusi au ya marehemu babu huambiwa, "Lete yenye 300," yaani pikseli 300 (vitone vidogo vinavyounda picha) kwa kila inchi. Basi kijana anafungua faili, anabadili 72 kuwa 300, anahifadhi, anaamini kazi imekwisha.

Picha ni ileile. Namba hiyo ni maelekezo tu: pikseli ngapi zichapwe katika kila inchi. Cha kuhesabu ni pikseli zenyewe. Picha ya simu yenye pikseli 4000 kwa 3000, ukigawa kwa 300, inatoa inchi 13 kwa 10, safi kabisa. Ya kutundika sebuleni, inayotazamwa kwa mbali, hata 150 inatosha, na hapo unafika inchi 26 kwa 20. Programu ikikuongezea pikseli, inazikisia tu.

Kinachoniuma ni picha zinazopitia WhatsApp. Zikitumwa kwa njia ya kawaida hupunguzwa, na pikseli zilizotupwa hazirudi. Mwombe shangazi aliyeko Dar aitume kama dokumenti. JPEG, aina ya kawaida ya faili la picha, inafaa, kuifungua hakuiharibu, ila kuihariri na kuihifadhi upya mara kwa mara ndiko kunakoila.