Moshi Ule Hausukumi Gurudumu: Kuzisoma Postikadi za Wazimamoto wa Marekani

Mwezi huu nimetumiwa kwa mara ya tatu postikadi ya aina ileile: farasi watatu waliofungwa sambamba wanakuja mbio kwenye barabara ya mji wa Marekani, nyuma yao gari lenye boila inayong'aa, na kutoka kwenye dohani moshi mweusi uliojaza nusu ya anga. Maelezo yanayoandamana nayo hayabadiliki. Tunaambiwa kwamba mvuke ndio uliolisukuma gari hilo, kwamba farasi waliwekwa kusaidia kwenye miinuko, na kwamba picha imepigwa njiani kuelekea kwenye moto. Madai mawili ya kwanza si kweli, na la tatu mara nyingi si kweli. Kwa kuwa kazi yangu ni kutambua na kuhifadhi picha za aina hii, naona ni wajibu wangu kulieleza jambo hili mara moja kwa ukamilifu.

Nashuku kwamba jina letu la garimoshi limechangia kosa hilo, kwa sababu anayeona dohani juu ya magurudumu huwaza reli papo hapo. Katika gari la zimamoto la mvuke, lakini, boila ilifanya kazi moja tu, nayo ni kuendesha pampu. Pampu kubwa za daraja la kwanza ziliweza kutoa takribani lita 3,800 za maji kwa dakika, na nguvu hiyo yote ilipatikana gari likiwa limesimama kando ya bomba la maji la barabarani. Kulivuta gari lenye uzito wa zaidi ya tani 3 ilikuwa kazi ya farasi, na ya farasi peke yao.

Asiyeridhika na atazame picha za New York za kuanzia mwaka 1912 hivi, wakati farasi walipoanza kuondolewa. Pampu za mvuke zilikuwa bado imara na za gharama kubwa, kwa hiyo hazikutupwa. Ziliondolewa magurudumu ya mbele na kuunganishwa na kichwa cha gari cha petroli, kama vile vilivyotengenezwa na J. Walter Christie kule Hoboken, New Jersey. Katika picha hizo utaona injini mbili katika chombo kimoja, ya petroli mbele ikivuta, na ya mvuke nyuma ikisubiri kusukuma maji. Kama mvuke ungekuwa unazungusha magurudumu tangu mwanzo, nani angegharimia injini ya pili?

Sharti niseme pia kwamba yalikuwapo magari machache ya zimamoto yaliyojiendesha kwa mvuke. Kiwanda cha Amoskeag cha Manchester, New Hampshire, kilitengeneza magari ya namna hiyo, na moja lililotumika Hartford, Connecticut, lilijulikana kwa jina la Jumbo. Nchini Uingereza kampuni ya Merryweather ilikuwa na lake lililoitwa Fire King. Lakini magari hayo hutambulika kwa urahisi sana: hayana farasi mbele.

Kwa nini basi dohani inatoa moshi gari likiwa njiani, ikiwa mvuke hauna kazi mpaka lifike? Kituoni boila iliunganishwa kwa mabomba na hita iliyoyaweka maji moto usiku na mchana, na tanuri lilikuwa limekwisha kupangwa vijiti vikavu na maranda ya mbao. Kengele ilipolia, matandiko yaliyoning'inia darini yaliteremshwa juu ya migongo ya farasi, kola zikafungwa kwa mkono mmoja, gari likachomoka kwenye mabomba ya hita, na moto ukawashwa lilipokuwa likitoka mlangoni. Dakika chache baadaye kulikuwa na mvuke wa kutosha kuanza kazi. Moshi ule mzito, kwa hiyo, ni moshi wa moto mchanga uliowashwa sasa hivi, wala hautuambii lolote kuhusu mwendo wa gari.

Wala hautuambii kwamba kuna nyumba inayoungua, na hapa ndipo ninapopoteza subira, kwa sababu hata wauzaji wazoefu huandika "wakielekea kwenye moto" bila kutazama. Idara nyingi zilifanya mbio za maonyesho siku za gwaride na sherehe za mji, na mpiga picha alijua gari litapita wapi na saa ngapi. Watazame watu walio kando ya barabara. Ikiwa wamejipanga pande zote mbili, wamevaa vizuri, na watoto wako mbele ambako wataona vyema, basi walikuwa wakingoja. Wazimamoto wenyewe wakiwa wamevaa kofia za sare, bila helmeti wala makoti mazito, shaka yangu huongezeka. Hata hivyo, dalili hizi zimewahi kunipotosha. Niliwahi kuandika kwamba kadi fulani ilikuwa ya maonyesho kwa sababu ya msongamano wa watu, kisha nikageuza upande wa nyuma na kusoma maneno ya penseli ya mtumaji yaliyoutaja moto wa asubuhi ileile. Watu wa miji hiyo walikuwa na desturi ya kukimbilia barabarani mara tu waliposikia kengele. Tangu hapo huandika "huenda", na sioni aibu.

Kisha kuna moshi ambao haukuwahi kuwapo kabisa. Bamba za kioo na filamu za wakati ule hazikuona rangi nyekundu, na anga la buluu lilitoka jeupe. Ndiyo maana gari jekundu huonekana karibu jeusi, na mvuke mweupe hupotelea kwenye anga jeupe. Mchapishaji aliyetaka picha ya kusisimua aliongeza moshi kwa brashi, na miali ya moto pia. Kadi nyingi za rangi zilichapishwa Ujerumani na mafundi ambao hawakuwahi kuuona mji wenyewe, na baadhi ya zile ziitwazo za usiku ni picha za mchana zilizotiwa giza na kuwekewa mwezi. Chukua lenzi ya kukuzia: ukiona vitone, hiyo ni kadi ya kiwandani na usiuamini moshi wake, usipoviona, huenda ni picha halisi iliyosafishwa moja kwa moja kwenye karatasi ya postikadi, ingawa hiyo nayo iliweza kuguswa brashi.

Kuhusu tarehe nitasema machache. Mhuri wa posta unaonyesha siku kadi ilipotumwa, si siku picha ilipopigwa. Mgongo wa kadi uliogawanywa kwa ajili ya ujumbe na anwani uliruhusiwa Marekani kuanzia tarehe 1 Machi 1907, lakini picha yenyewe inaweza kuwa ya miaka kadhaa kabla ya hapo.

Anayetaka kuuona mvuke ukifanya kazi yake na atafute picha ambazo gari limesimama. Farasi wamefunguliwa na kupelekwa mbali na cheche, mipira ya maji imetanda chini, na fundi yuko kando ya boila akiilisha makaa ya mawe. Picha hizo hazisisimui, na ndiyo sababu hazikuuzwa sana kama zile za mbio. Pale moto mkubwa ulipotokea, kama ule wa Baltimore wa Februari 1904 ulioteketeza zaidi ya majengo 1,500, kadi nyingi zilizouzwa zilionyesha magofu baada ya kila kitu kwisha. Lakini tazama zile za jengo la Equitable, New York, lililoungua tarehe 9 Januari 1912 katika baridi kali. Maji yaliyorushwa yaliganda ukutani, yakayafunika madirisha na kuning'inia kama mapazia kutoka ghorofa hadi ghorofa. Barafu ile yote ilikuwa kwanza maji ya kuzimia moto.